Zabuni za kaunti zimfikie fundi, zisiishie kwenye cheti

Mhariri,

Madiwani wa kaunti yetu wamerudi kwenye mjadala wa kuwapa wafanyabiashara wa hapa nyumbani kipaumbele pale serikali ya kaunti inaponunua bidhaa na huduma. Nimewasikiliza redioni wakijibizana. Mmoja alisema mcheza kwao hutuzwa, mwenzake akamkatiza kwamba huko ni kuua ushindani na kumtwika mlipa kodi gharama. Mimi ni mshonaji. Pamoja na akina mama wenzangu tuna karakana ya cherehani katika mji mmoja wa Pwani. Tunashona sare za shule, mapazia, shuka, foronya na gauni za wagonjwa. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sikulisikia kwa yeyote kati ya waheshimiwa hao: kipaumbele wanachokibishania kiko kwenye sheria tayari. Kinachokosekana ni njia ya kukifikisha kwa mtu anayeifanya kazi yenyewe.

Kifungu cha 227 cha Katiba ya Kenya kinataka ununuzi wa umma uwe wa haki, wa wazi, wenye ushindani na wa gharama nafuu. Kifungu hicho hicho kinaruhusu makundi fulani yapewe kipaumbele. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 ikaagiza angalau asilimia 30 itengewe biashara za wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kupitia mpango tunaoujua sote kwa jina la AGPO, ulioanza 2013. Kisha kanuni za mwaka 2020 zikazitaka serikali za kaunti zitenge angalau asilimia 20 ya bajeti ya ununuzi kwa wakazi wa kaunti husika. Basi diwani anayesema kumpa kazi fundi wa hapa ni kuvunja sheria hajaisoma, na yule anayeahidi kutuletea sheria mpya ya kipaumbele anatuahidi kitu tulicho nacho.

Sitaitaja kaunti yangu. Ninayoyaeleza yatatambuliwa na washonaji, maseremala, waokaji mikate na wafugaji wa kuku katika kaunti zote 47, na sitaki barua hii igeuzwe kuwa ugomvi wa mtu mmoja na ofisi moja.

Ushonaji niliujulia Mombasa, katika kiwanda cha nguo za kuuzwa nje. Miaka hiyo soko la Marekani lilikuwa limefunguliwa kwa mpango wa AGOA, ulioruhusu nguo kutoka Afrika kuingia huko bila ushuru, na maelfu ya wanawake wa Pwani tulikaa kwenye mistari ya cherehani za umeme tukishona suruali za jinzi. Pale hakuna mchezo. Mshono ukipinda, mkaguzi anaukata na kukurudishia. Mfuko ukiwa juu ya mwenzake kwa upana wa ukucha, suruali nzima inawekwa kando. Kandarasi ziliponyauka tulirudi makwetu na ujuzi huo mikononi, na wengi wetu tukafungua vibanda vya ushonaji sokoni. Ninapoambiwa kwamba mafundi wa kaunti hawana uwezo wa kushona kwa kiwango kinachotakiwa, huwa najiuliza hao wanaosema hivyo wanadhani zile suruali zilizovuka bahari zilishonwa na nani.

Sasa niwaeleze habari ya shuka. Metroni wa hospitali moja ya umma alikuja karakanani kwetu na furushi la shuka mpya zilizoletwa na kampuni iliyoshinda zabuni. Hakuna mtu hapa mjini aliyewahi kuiona kampuni hiyo ikishona hata leso. Shuka zile zilikuwa fupi. Ukizitandika zikafika kichwani, miguuni godoro linabaki wazi zaidi ya kiganja, na mgonjwa analaza nyayo zake juu ya ule mpira wa godoro ambao kwa joto la huku kwetu humfanya mtu atoke jasho hadi alfajiri. Kitambaa kilikuwa chepesi, ukikiinua dirishani unaona vidole vyako upande wa pili. Pindo lilikunjwa mara moja tu, likapigwa mshono wa hatua ndefu ili kazi iishe upesi, na zile zilizokuwa zimeshapita dobi mara chache, kwa maji ya moto na jiki, pindo lilikuwa linaning'inia. Metroni alitaka tukate baadhi ya shuka tuziunge kwenye nyingine ili zifike mwisho wa kitanda, naye atulipe kutoka pesa kidogo alizo nazo za matumizi ya kila siku. Tulizikata, tukaziunga, tukapiga pindo la kukunja mara mbili kama inavyostahili. Wodi ikapoteza shuka kadhaa ili nyingine zitumike.

Simlaumu fundi aliyezishona, popote alipo. Nina hakika alipewa kitambaa haba na ujira mdogo, kwa sababu kati yake na hospitali walikaa watu ambao kazi yao ni kupokea hati ya kuagiza bidhaa mkono mmoja na kuipitisha kwa mkono wa pili. Kila mmoja wao alimega kipande chake. Kilichobaki ndicho kilichokwenda kununua kitambaa.

Kwa nini sisi hatukuomba zabuni ile? Tuliisoma. Ilikuwa moja, ya vitambaa vyote vya hospitali zote za kaunti pamoja na sare za wafanyakazi, kwa mwaka mzima. Ilitaka hesabu za miaka kadhaa zilizokaguliwa na mhasibu aliyesajiliwa, mauzo ya mamilioni, na ushahidi wa kandarasi za ukubwa huo huo zilizokwishatekelezwa. Mshonaji wa sokoni atautoa wapi ushahidi wa kandarasi kubwa wakati hajawahi kupewa hata ndogo? Ajabu ni kwamba sheria na kanuni zimeruhusu waziwazi ununuzi mkubwa ugawanywe katika mafungu ambayo wafanyabiashara wadogo wanayamudu, ili nao washiriki. Tena makundi yaliyotengewa zabuni hayalazimiki kuleta dhamana ya benki. Yanajaza fomu ya tamko tu. Milango hiyo iliwekwa kwa makusudi. Anayeandaa zabuni akiamua kufunga kila kitu katika furushi moja, amewatoa nje mafundi wote wa kaunti bila kuandika popote kwamba hawatakiwi.

Lakini tuseme zabuni imegawanywa, na limetengwa fungu la wakazi au la wanawake. Hapo anajitokeza mtu wa pili, na huyu nimeonana naye ana kwa ana. Alikuja amevaa vizuri, mwenye adabu, akatuita "akina mama zangu". Alikuwa amesikia kwamba kikundi chetu kina cheti cha AGPO. Hakutaka tushone chochote. Alitaka tutie sahihi makaratasi, zabuni itoke kwa jina letu, yeye alete bidhaa kutoka anakokujua, kisha pesa zikiingia kwenye akaunti yetu tumpe zake na sisi tubaki na kidogo cha kugawana. Alisema vikundi vingi vinafanya hivyo na hakuna tatizo lolote. Wenzangu wawili walishawishika, na siwalaumu. Karo za shule zilikuwa zimewafika shingoni. Tulibishana hadi magharibi. Mwisho tulikataa, kwa sababu mkubwa wetu, mama aliyekuwa mkaguzi wa mishono kule kiwandani, alisema kwamba shuka zikichanika wodini, jina litakalotajwa ni letu.

Huyo bwana hakukosa kikundi kingine, naamini. Na kwenye taarifa ya mwisho wa mwaka, ununuzi wake utaingia kwenye hesabu ya asilimia 30 kama kazi ya wanawake, na kwenye asilimia 20 kama kazi ya wakazi. Takwimu zitapendeza. Uzi hautakuwa umenunuliwa hapa, wala msichana aliyemaliza chuo cha ufundi hatakuwa amepata kibarua. Vyuo hivyo, kwa taarifa ya wasioifahamu, viko chini ya kaunti. Katiba imezipa kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini pamoja na elimu ya chekechea. Kaunti inamlipa mwalimu amfundishe binti kushona, kisha inanunua nguo mahali ambapo binti huyo hatakanyaga kamwe.

Kwa hivyo ombi langu la kwanza ni kuhusu namna ya kumtambua mfanyabiashara wa hapa. Anwani ya posta haitoshi. Leseni ya biashara ya mwaka mmoja haitoshi, kwani inalipiwa asubuhi na kutoka jioni. Sheria inairuhusu kamati inayotathmini zabuni imchunguze mwombaji kabla ya kumpa kazi, nami nataka uchunguzi huo ufanywe kwa miguu. Mtu aje. Ahesabu cherehani. Aulize ni za nani, aone zinaendeshwa na nani, aombe kuona kitabu cha malipo ya vibarua. Kwa seremala aangalie randa na rundo la mbao. Kwa mfugaji aingie bandani. Katika miji yetu midogo ziara za namna hiyo hazimalizi hata asubuhi moja, na zingewaondoa mawakala wengi kuliko fomu yoyote.

La pili ni malipo, na hapa ndipo penye uchungu.

Tuliwahi kupata kazi ya kaunti. Ilikuwa ndogo, foronya na vitambaa vya kufungia watoto wachanga kwa wodi ya wazazi. Tulifurahi kama watu waliopata harusi. Tulichanga, tukakopa kwenye chama cha akiba, tukanunua majora kwa bei ya jumla, tukakesha. Mzigo ulipokelewa, ukahesabiwa, ukatiwa sahihi, na hadi leo sijasikia lalamiko juu ya hata foronya moja. Kisha ukaanza ukimya. Ukienda idara ya afya unaambiwa makaratasi yako idara ya fedha. Ukienda fedha unaambiwa IFMIS, mtandao wa malipo wa serikali, umekwama, au mgao wa kutoka Hazina ya Kitaifa haujafika, au mwaka wa bajeti umefungwa na deni lenu limeingizwa kwenye orodha ya kuhakikiwa upya. Masika yalipita, vuli ikapita, masika mengine yakaingia. Mkopo wa chama haukungoja. Tuliuza ovaloki yetu, mashine inayofunga kingo za kitambaa zisifumuke, na tangu siku hiyo kazi ya kingo tunaipeleka kwa jirani kwa malipo. Pesa zilipokuja, sehemu kubwa ilikwenda kwenye madeni ambayo kazi yenyewe ilituletea.

Hatuko peke yetu. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti, Dkt. Margaret Nyakang'o, zilionyesha kwamba kufikia mwisho wa Juni 2024 kaunti zilikuwa na madeni ambayo hayajalipwa ya zaidi ya shilingi bilioni 180. Zaidi ya nusu ni ya Nairobi, ni kweli, lakini mabilioni yaliyobaki yametapakaa nchi nzima, na nyuma yake kuna watu waliopeleka mchanga, dawa, maziwa na viti. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 kaunti zote pamoja zilitengewa shilingi bilioni 385 kama mgao wao wa mapato ya kitaifa. Msomaji alinganishe mwenyewe.

Wanaosema kwamba mafundi wa hapa wana bei ya juu ningependa waitazame hali hii kwa makini. Kila anayeomba zabuni ya kaunti leo anajua hatalipwa kwa wakati, kwa hivyo anaongeza bei ili imbebe miezi ya kungoja. Kampuni kubwa yenye benki nyuma yake inaongeza kidogo na inasubiri. Fundi mdogo, anayekopa kwa riba kubwa, ama anaongeza sana na kukosa kazi, ama haongezi na kufilisika. Mlipeni ndani ya mwezi mmoja baada ya mzigo kukaguliwa na kukubaliwa, halafu mlinganishe bei tena. Kuahidi kipaumbele bila kulipa kunamuumiza yule yule aliyekusudiwa kusaidiwa, maana kunamvuta kwenye deni ambalo, kama angebaki na wateja wake wa sokoni, asingelijua.

Wala sidai kaunti inunue kwa bei yoyote. Sheria imeitaka mamlaka ya ununuzi itoe mara kwa mara bei za soko za bidhaa za kawaida, ili ofisi za serikali zisinunue kalamu kwa bei ya kiti. Fundi wa hapa akizidisha mno, anyimwe. Mzigo wake ukiwa mbovu, arudishiwe. Ila wanaotathmini nao wajifunze kupima bei ya shuka kwa muda itakaokaa kitandani. Ile fupi niliyoieleza ilikuwa ya bei nafuu siku ilipoandikwa kwenye karatasi.

Kuna hofu nyingine ambayo watu huisema kwa sauti ya chini, nami nataka niiseme waziwazi. Kwamba haya ya "watu wa hapa" yatageuzwa kuwa ukabila, mtu aulizwe jina la baba yake kabla ya kupewa kazi. Hofu hiyo si ya bure katika nchi yetu, na baadhi ya madiwani kwa lugha wanayotumia wanaichochea. Karakanani kwetu yupo mama aliyezaliwa Machakos, yupo mwingine ambaye wazazi wake walitoka Siaya kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, na sisi wengine ni Wamijikenda. Sote tunalipa leseni kwa kaunti moja, tunatibiwa zahanati moja, watoto wetu wanakalia viti vya chekechea moja. Kanuni zinasema mkazi. Anayeishi na kufanya kazi hapa atoshe, jina lake liwe lolote. Diwani atakayetaka kulibana neno hilo zaidi ya hapo atakuwa anatafuta kura, na mafundi tusimpe.

Wapo waliothubutu. Kitui, wakati wa ugavana wa Charity Ngilu, walianzisha kiwanda cha kaunti cha kushona nguo, KICOTEC, kikaajiri vijana wa huko huko na kushona sare. Corona ilipoingia mwaka 2020 na nchi ikahangaikia barakoa, wao walikuwa na cherehani na mikono tayari, wakashona. Mimi binafsi nisingependa kila kaunti ijenge kiwanda chake, kwa sababu mali ya kaunti ina tabia ya kuzorota gavana akibadilika, na pia kiwanda cha serikali kinaweza kuwameza mafundi binafsi. Lakini Kitui walionyesha kwamba nguo zinazohitajika na umma zinaweza kushonwa kaunti, na wakati wa shida hilo liliwasaidia watu.

Ningeomba jambo moja zaidi kwa kaunti zote: orodha ibandikwe. Tangu agizo la Rais la mwaka 2018, ofisi za umma zinatakiwa zitangaze mtandaoni zabuni zilizotolewa na waliozipata. Vizuri. Ila mama wa sokoni hakai mtandaoni. Bandikeni kwenye ukuta wa ofisi ya wadi: nani alipewa fungu la wakazi, kazi gani, shilingi ngapi, na alilipwa tarehe gani. Sisi tunaojuana tutawaambia ni yupi ana karakana na ni yupi ana mkoba tu.

Makadirio ya bajeti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya Aprili 30, na kabla ya hapo huwa kuna vikao vya kutoa maoni ambavyo mafundi hatuendi, kwa sababu ni siku ya kazi na tumezoea kudhani havituhusu. Safari hii twendeni. Tuulize mpango wa ununuzi wa mwaka ujao uko wapi, na ile asilimia 20 ni shilingi ngapi, kwa bidhaa zipi.

Na kwa idara ya afya ya kaunti yangu, nina ombi mahususi. Zabuni ya vitambaa ya mwaka ujao igawanywe kwa kila hospitali, shuka peke yake, sare peke yake, na vitambaa vya chumba cha upasuaji peke yake. Andikeni urefu na upana kwa inchi, uzito wa kitambaa, na pindo la kukunja mara mbili. Tangazeni tarehe ya kupokea sampuli. Tutazileta, mzipitishe dobi kwa maji ya moto mara nyingi mtakavyo, kisha metroni wa wodi, atakayezitandika, awe mmoja wa wanaoamua.

Mshonaji,
Pwani